Siku Niliyowatembeza Wakwe wa Mombasa

Jumatatu, 13 Juni 1955

Barua ya Haji imefika. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimeketi kwanza.

Haji ni baba wa kijana wa Mombasa anayemtaka binti yangu Sabiha. Kijana ni karani bandarini, ana adabu, na Sabiha ameshawakataa wachumba wawili kwa ajili yake. Mimi nimeridhika. Mke wangu Mwanamkasi ameridhika. Amebaki Haji. Naye anaandika, kwa mwandiko mzuri wa kuudhi, kwamba ameambiwa sisi ni watu wa kuja; kwamba hapa Tanga hatuna hata kaburi la babu. Hakatai, anasema. Atafika Ijumaa pamoja na dada yake mkubwa, Bi Mwamvua, wajionee mkwe huyu anajulikana na nani. Kisha atatoa jibu.

Watu wa kuja! Nimekuja, ni kweli. Nilitoka Kilwa Kivinje mwaka 1918 na kisanduku kimoja na vitabu sita. Miaka thelathini na saba naishi Ngamiani. Thelathini katika hiyo nilikuwa karani wa mahakama. Nimeandika talaka za nusu ya mji huu! Lakini hata leo jirani yangu Sadalla, fundi cherehani, kila Ramadhani huniuliza kama mwezi "kwenu" umeandama.

Kuna jambo jingine, dogo. Mwezi uliopita nilimwandikia Haji kwamba mji wa Tanga ni kama ukumbi wangu, na kwamba milima ya Usambara naijua mpaka majina ya mawe yake. Sasa anaomba nimtembeze siku moja, Jumamosi: asubuhi mjini, mchana milimani.

Milimani sijapata kufika. Naiona kutoka barazani, siku isiyo na mawingu.

Sabiha ameniletea chai, akasimama. Akaniomba kitu kimoja tu: "Baba, safari hii usipange." Nimemwambia aondoe shaka. Nikafunga mlango, nikaanza kupanga.


Jumanne, 14 Juni

Mpango umekamilika, na si kwa kujisifu, ni mzuri.

Mtu hujulikana kwa salamu. Basi nimechagua mahali patatu: mnara wa saa, sokoni na stesheni. Kila mahali atatokea mtu, kwa bahati tu. Atasimama ghafla. Atatoa shikamoo. Ataniita Shehe Idarusi. Ataniomba shauri katika jambo zito, nami nitampa kwa maneno machache. Wageni watasikia.

Watu wenyewe ni Jumbe muuza kahawa, Noa wa reli, na mchukuzi mmoja wa sokoni. Ujira wao ni halua, baada ya kazi. Alasiri tumefanya mazoezi barazani. Jumbe ana kipaji. Noa aliuliza kama alie. Nikamwambia hapana. Mchukuzi alitoa shikamoo kama mtu anayeangusha gunia.

Mwanamkasi alitutazama kutoka mlangoni. Yeye ni Mdigo, mzaliwa wa hapa hapa, na hasahau. Alisema kwao shikamoo haifanyiwi mazoezi.

Sadalla alipita na futi yake shingoni. Akauliza ni shughuli gani. Nikasema ni dua. Akauliza ni dua gani hiyo yenye shikamoo kumi na mbili.


Jumatano, 15 Juni

Milima sasa. Hapa sina budi kumtaja Asheri.

Asheri ni Msambaa, mzee wa kanisa, mkulima wa machungwa katika kijiji kimoja njiani kwenda Amani. Mwaka 1931 alikuja mahakamani kwa kesi ya mpaka wa shamba, na kikapu cha machungwa mgongoni. Jua lilikuwa kali. Nikamwambia kwamba watu wa Kilwa na Wasambaa ni watani tangu enzi za misafara. Uongo, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikachukua machungwa sita, kwa haki ya utani. Asheri alinitazama kitambo. Akacheka. Akachukua mwavuli wangu.

Tangu siku hiyo hatujapumzika. Utani ni utani: mtani hukutukana apendavyo, huchukua kilicho chako mbele ya macho yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kila mwaka hushuka mjini, hunitukana barazani mpaka mtaa ujae, huchukua kitu, huacha kikapu. Mwaka 1942 tulipomzika mwanetu wa kwanza, alifika saa ile ile jeneza linatoka. Akajilaza njiani. Akasema hapiti maiti mpaka apewe sahani ya wali, maana huyu alikuwa mtumwa wake na bado ana kazi hajaimaliza. Watu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Tangu hapo Mwanamkasi hanipi nafasi ya kumsema Asheri vibaya.

Lakini Jumamosi si siku ya utani. Nimemwandikia barua, fasaha, yenye kueleza kila kitu: aniamkie vipi, aniite nani, asitaje nini. Nimempa Msafiri, dereva wa gari la kukodi, ambaye hupita kijijini kwao. Ndiye atakayetupeleka pia.

Mwanamkasi aliposikia, aliacha kupeta mchele. Alisema hajapata kuona mtu anayemwandikia mtani wake barua ya kumwomba heshima. Nikamwambia ndiyo maana ya kusoma vitabu.


Ijumaa, 17 Juni

Wamefika, baada ya swala ya Ijumaa, vumbi la njia ya Horohoro, mpakani, bado liko mabegani mwao. Haji ni mrefu, mkavu, haongei. Bi Mwamvua ni mfupi, ana fimbo, na macho yake hayapumziki. Aliitazama dari yangu mpaka nikaona aibu ya dari.

Wakati wanashuka garini, nani alikuwa wa kwanza kufika? Sadalla! Amevaa kanzu aliyoipiga pasi mpaka inakata. Aliwashika mikono wote wawili, akawaambia karibuni Tanga. Kisha akanigeukia mimi, mbele yao, akasema: "Na wewe pia, Idarusi, karibu."

Miaka thelathini na saba. Karibu!

Haji aliinua nyusi moja. Sabiha aliiona nyusi ile kutoka dirishani. Hakula chakula cha jioni.


Jumamosi, 18 Juni

Asubuhi, kabla ya safari. Nimevaa joho, kofia ya vito na viatu vyeusi. Kalamu ya wino mfukoni, ncha nje, ionekane. Hakuna wingu hata moja. Leo ndiyo leo.


Jumapili, 19 Juni

Jana sikuandika zaidi kwa sababu sikuwa na kalamu. Kalamu anayo Asheri. Naandika kwa penseli ya Sabiha.

Nianze na mjini. Tulikuwa watano garini: Msafiri kwenye usukani, mimi pembeni yake, nyuma Haji, Bi Mwamvua na mke wangu. Tulisimama kwanza kwenye mnara wa saa. Nilieleza kwa urefu kwamba umejengwa zamani sana. Haji akauliza zamani ya lini. Nikasema zamani ile ya kale. Mwanamkasi akasema kaujenga Mjerumani, hata watoto wa chuoni wanajua.

Hapo akatokea Jumbe na dele lake la kahawa. Alifanya vizuri mno! Alisimama ghafla, akatoa shikamoo ya kutikisa ukuta, akaniomba shauri kuhusu mirathi ya shangazi yake. Nikamjibu: subira. Akaondoka anatikisa kichwa kwa mshangao. Bi Mwamvua alimsindikiza kwa macho.

Sokoni. Nilimtafuta mchukuzi. Hayupo. Nikazunguka na wageni kwenye nazi mara mbili, kwenye samaki wa Kigombe mara tatu. Ghafla nikasikia shikamoo. Jumbe! Amevua kofia, amejifunga kilemba cha shuka, dele bado mkononi. Safari hii shangazi alikuwa mjomba. Jasho lilimtoka kama aliyechovywa.

Stesheni. Noa hayupo. Nikaomba Mungu asitokee mtu yeyote. Akatokea Jumbe, na baiskeli, hana pumzi, hana kilemba, amevaa koti la mvua la mtu mwingine juani. Alifungua kinywa, shikamoo haikutoka. Alininyooshea kidole tu, akasema: "Huyu... Shehe." Akakaa chini.

Haji alisema, taratibu sana, kwamba bwana huyu ana ndugu wengi na wote wanafanana.

Baadaye nimejua yaliyotokea. Sadalla! Alisikia habari ya halua. Akanunua halua yake mwenyewe, akawaalika Noa na mchukuzi dukani kwake saa tatu kamili. Jumbe peke yake alikataa, akabeba kazi ya watu watatu kwa baiskeli ya kuazima. Mungu amlipe. Ameniharibia kabisa.

Nikajipa moyo: milima bado. Tukapita Pongwe, tukapita Muheza, barabara ikaanza kupanda. Haji akauliza lile jabali kubwa linaitwaje. Nikasema kuna majina ambayo hayatajwi mchana. Mwanamkasi akajifunika uso kwa buibui. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kona, kona, kona. Ukungu. Baridi ya kuingia kwenye meno. Kona ya mwisho Msafiri akafunga breki. Gogo la mgomba limelala katikati ya njia, na juu yake ameketi Asheri, amevaa koti la kanisani. Nyuma yake mkewe Ruthi, na kijiji kizima.

Nikashuka kwa hadhi. Nikakohoa kidogo, kumpa ishara ya kuanza.

Asheri hakuinuka. Alipiga ukelele: "Njooni mwone! Mtumwa wangu karudi! Babu alimbadilisha kwa jembe bovu, jembe likaona aibu likavunjika!" Kijiji kikaangua kicheko. Akanivua kofia, akajivalisha. Akanivua joho, akampa Ruthi, naye akalifungia mkungu wa ndizi. Viatu akavitundika kwenye mti. Kalamu akaichomeka sikioni. Nilimnong'oneza: barua, Asheri, barua! Akajipiga paji la uso, akasema kweli, alikuwa amesahau barua.

Akaitoa. Akavaa miwani. Akasimama juu ya gogo, akaisoma kwa sauti ile anayosomea kanisani, anatua kila mkato:

"Ndugu Asheri. Jumamosi naja na wakwe, na mambo ya binti yangu yamesimama juu ya siku hiyo. Utani uweke kando. Uniite Shehe. Uwaambie kwamba nimefika huko mara nyingi, na kwamba mawe nayajua kwa majina. Majina yenyewe uninong'oneze nikifika. Habari za machungwa ya mwaka 1931 zisitajwe. Mjini nimeshawaweka watu watatu wa kuniamkia. Huko wewe unatosha."

Watoto wa kijiji wakaitikia: "Amina!"

Nyayo zangu kwenye tope baridi. Nilihisi macho ya Haji kisogoni. Hasira ilinipanda, na najua sheria: mtani akikasirika, utani umevunjika, hakuna wa kuuunga. Nikamfikiria Sabiha dirishani. Nikafikiri: kila kitu kimekwisha, sasa mtu abaki na nini? Nikamwambia Asheri kwamba anasoma kama mbuzi aliyemeza kengele. Hilo ndilo lililokuja. Kijiji kikapiga makofi.

Haji akasogea. Akaonyesha jabali lile lile, akamuuliza Asheri linaitwaje. Asheri akasema: "Kuanzia leo linaitwa Idarusi. Zito, halisogei, wala halifai kujengea."

Kisha nikabebeshwa kikapu cha machungwa mpaka nyumbani kwake, peku, mbele ya wote, kama ng'ombe wa mnada. Kwa Asheri tulikula ndizi na kuku. Kuku alichinjwa na jirani Mwislamu. Asheri alimleta jirani mwenyewe atuapie. Ruthi alikaa na Bi Mwamvua jikoni, wakazungumza sana, sikusikia nini. Haji alikula sahani mbili. Tuliona misitu, mashamba ya chai, maporomoko ya maji. Mazuri mno. Hatimaye nilifika mahali nilipopatazama miaka thelathini na saba, na kutoka pale juu, ukungu ulipofunguka, nikaiona Tanga iko mbali, nyeupe, ndogo kama ukucha. Ajabu. Moyo wangu ulisema: kule ndiko nyumbani. Haukusema Kilwa. Nikaukemea, maana si wakati wake.

Kurudi garini, Mwanamkasi alicheka peke yake kutoka Muheza mpaka Pongwe.

Tulipofika, Sabiha aliniangalia: kichwa wazi, miguu na tope, mkungu wa ndizi begani. Alileta maji, akaniosha miguu mwenyewe. Machozi yake yalianguka ndani ya beseni.


Jumatatu, 20 Juni

Jibu lilitolewa saa mbili asubuhi, ukumbini. Sabiha alisimama nyuma ya pazia. Niliviona vidole vyake vimelishika. Sadalla alikuwa barazani kwangu, eti amekuja kuazima sindano. Fundi cherehani, sindano!

Haji alisafisha koo. Bi Mwamvua akainua fimbo, Haji akanyamaza. Mwanamume mzima.

Bi Mwamvua alisema Jumamosi mjini aliona shikamoo tatu za mtu mmoja, na kwamba amezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa na ameona waungwana wa kukodi kabla hajaota meno. Nikaangalia mkeka. Akaendelea. Alisema: "Mgeni hupewa kiti na maji ya kunywa. Watu humchekea kwa adabu, akipita humsema. Huyu kavuliwa kofia njiani, kabebeshwa kikapu, kasomewa aibu yake mbele ya watoto, na akarudisha tusi. Huyo si mgeni. Huyo ana kwao."

Kisha akamwambia Haji kwamba Ruthi amemsimulia habari ya jeneza la mwaka 1942. "Uliandika kwamba hawana kaburi la babu hapa. Wana kaburi la mwana. Unataka mzizi gani zaidi ya huo?"

Haji aliinamisha kichwa. Akasema posa imekubaliwa.

Pazia lilianguka chini na ufito wake, mikononi mwa Sabiha. Mwanamkasi akapiga vigelegele, na mtaa mzima ukaitikia kabla ya kujua sababu. Mimi nilisema nakwenda kuleta maji. Nilikaa kwenye mtungi kitambo. Maji hayakuwa ya lazima.

Nilipotoka barazani Sadalla alinipa mkono. Alisema hongera, mzee mwenzangu. Sijui amekusudia ubaya gani. Nitachunguza.


Alhamisi, 30 Juni

Siku kumi nimezitumia kutafakari, na nimepata ukweli wa jambo. Mpango wangu ulifaulu. Posa imekubaliwa au haikukubaliwa? Imekubaliwa! Kasoro ilikuwa ndogo: waamkiaji walikuwa wachache. Bi Mwamvua mwenyewe alizihesabu shikamoo. Asiyeathirika hahesabu.

Nimemweleza Mwanamkasi. Akaniuliza kama nilikuwepo ukumbini siku ile, au nilimtuma mtu akae mahali pangu.

Harusi ni mwezi ujao, inshallah. Baada ya siku saba za fungate tutamsindikiza Sabiha Mombasa. Nyumba itakuwa kimya. Jana alipanga vitabu vyangu, akavifuta vumbi kimoja kimoja, vile sita vya Kilwa akaviweka mbele. Sikuweza kukaa chumbani.

Bora mtu ajishughulishe. Leo nimemwandikia Haji barua ndefu. Nimemwambia kwamba tukifika Mombasa yeye na jamaa zake wasihangaike na lolote: nitawatembeza mimi. Ngome, bandari, misikiti ya kale, vichochoro vyote. Kwamba Mombasa naifahamu kuliko wenyeji wengi. Nimeshapata pia jina la mtu huko anayeweza kutafuta watu kumi na wawili wenye sauti nzuri.

Nilikaa Mombasa siku mbili, mwaka 1921. Nilikuwa na homa, sikutoka kitandani. Lakini dirisha lilikuwa kubwa.